Kidonda kisichotoka damu: sekuristi naye huumia kazini



Katika ukurasa huu tumeongea mara nyingi juu ya kofia, viatu, miwani na vumbi la mawe. Leo tunaongea juu ya kidonda ambacho kofia haiwezi kukizuia. Ni kidonda cha roho na akili, kinachompata mtu aliyeona kifo karibu sana. Tunataka kuongea zaidi juu ya sekuristi, yule mwenzetu anayekimbilia shimoni wakati wengine wote wanakimbia kutoka.

Tuchukue mfano. Galeri imeanguka saa nane ya usiku. Kengele inalia. Watu sita wa kikosi cha uokozi wanashuka. Wanachimba kwa mikono na sepetu mpaka asubuhi. Wanatoa wawili wazima na watatu wamekufa. Mmoja wa maiti ni jirani yao, mtu waliyekunywa naye chai jioni ile. Kesho yake mkubwa wa kazi anawapa mkono, anawashukuru mbele ya wote, na kila mmoja anarudi kwenye kazi yake.

Miezi miwili inapita. Mmoja wa wale sita halali tena. Akifunga macho anasikia mawe yakianguka. Mlango ukipigwa na upepo, anaruka. Kwake nyumbani anapigia watoto kelele bila sababu. Kila asubuhi ya kushuka shimoni tumbo linamuuma, na mara kwa mara anakosa kazi. Kapita anasema: «Huyu amekuwa mvivu.» Bibi yake anafikiri kuna mwanamke mwingine. Mjomba anasema amerogwa. Yeye mwenyewe anasema si kitu, anaenda kunywa kasiksi ili apate usingizi.

Je, nani kati yao amesema kweli? Hakuna. Mtu huyu si mvivu, si mhuni, na hakurogwa. Ameumia kazini, sawasawa na yule aliyevunjika mguu.

Ugonjwa huu si mpya

Watu wengine hudhani kwamba magonjwa ya namna hii ni mambo ya wazungu au ya watu wa siku hizi. Si hivyo. Wachimbaji wa madini ni kati ya watu wa kwanza ambao waganga waliwachunguza juu ya jambo hili.

Tarehe 10 Machi 1906, mlipuko ulitokea katika mashimo ya makaa ya mawe ya Courrières, kaskazini mwa Ufaransa. Watu 1,099 walikufa. Siku 20 baadaye, wakati kila mtu alidhani hakuna mzima aliyebaki, wachimbaji 13 walitoka chini ya udongo wakiwa hai. Mganga mmoja wa Uswisi, Eduard Stierlin, aliwachunguza watu waliopona katika msiba ule. Aliona kwamba wengine hawakuwa na kidonda chochote cha mwili, lakini usingizi ulikuwa umewakimbia na hofu ilikuwa imewakaa.

Mwaka 1980 waganga wa akili wa Marekani waliupa ugonjwa huu jina linalotumika mpaka leo. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita msongo unaofuata tukio la kutisha. Mwaka 2010 Shirika la Kazi la Kimataifa liliuingiza katika orodha yake ya magonjwa ya kazi, orodha ileile ambamo silikosi, ugonjwa wa mapafu tunaoujua sana sisi wa migodi, imeandikwa. Na Shirika la Afya Duniani linao katika kitabu chake cha magonjwa kilichoanza kutumika mwaka 2022.

Kwa hiyo mganga akikuambia una ugonjwa huu, hakuiti mwendawazimu. Anautaja ugonjwa wenye jina, wenye dalili na wenye dawa.

Dalili zake

Baada ya tukio baya, karibu kila mtu atatetemeka, atalia, atakosa usingizi siku chache. Hiyo ni kawaida, na kwa walio wengi inapungua yenyewe. Lakini ikiwa imepita mwezi mzima na mambo bado ni yaleyale, au yanazidi, tuangalie mafungu matatu haya:

Kwanza, tukio linarudi. Linarudi katika ndoto au hata mchana kweupe, kama sinema. Mtu anasikia sauti, ananusa harufu, anaona uso wa marehemu, kana kwamba jambo linatokea sasa hivi.

Pili, mtu anakimbia kila kitu kinachomkumbusha. Anakataa kupita njia ile, hataki kusikia jina la galeri ile, haendi matangani, anaacha marafiki waliokuwa naye siku ile.

Tatu, mwili unakaa tayari kwa hatari wakati wote. Moyo unapiga mbio, kelele ndogo inamrusha, hasira iko karibu, usingizi ni wa kuvunjikavunjika.

Mafungu haya matatu yakikutana na kumzuia mtu kufanya kazi na kuishi vizuri na watu wake, ni wakati wa kumwona mganga. Usingoje.

Kwa nini masekuristi hasa?

Mfanyakazi wa kawaida anaweza kuona ajali mbaya mara moja katika maisha yake. Sekuristi anaitwa kila mara. Na yeye haangalii kwa mbali: anagusa, anabeba, anatambua sura. Mara nyingine anapaswa kuchagua ni nani atolewe kwanza. Baadaye anajiuliza usiku: «Kama ningekwenda upande wa kushoto, yule mwingine angepona?» Swali hilo linaweza kumla mtu miaka mingi.

Hapa kwetu Kivu ya Kusini tumeona kazi ya namna hii kuliko watu wa mahali pengi. Tarehe 2 Julai 2010, gari la petroli lilipinduka Sange, katika uwanda wa Ruzizi, likawaka moto. Zaidi ya watu 230 walikufa, wengi wakiwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa ilijaza maji mashimo ya dhahabu ya Kamituga, na watu karibu 50 wakakadiriwa kufa. Mwezi wa Mei 2023, mito ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, ikaua zaidi ya watu 400. Kila mara kulikuwa na watu walioinama kuokota maiti: watu wa Msalaba Mwekundu, majirani, wachimbaji wenyewe. Magazeti yalihesabu waliokufa. Waliowabeba hawakuhesabiwa na mtu.

Je, hii ni ajali ya kazi?

Hapa tufike kwenye jambo ambalo wengi wanatuuliza: nani atalipa?

Nchi yetu ina mfuko wa wafanyakazi tangu mwaka 1961. Wazee waliofanya kazi MGL na baadaye SOMINKI waliujua kwa jina la INSS. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 iliubadilisha, na tangu mwaka 2018 jina lake ni CNSS. Mfuko huo una matawi matatu: posho za jamaa, pansheni, na hatari za kazi. Tawi la hatari za kazi ndilo linalotuhusu leo.

Kwa tawi hilo mwajiri analipa 1.5 kwa mia ya mshahara. Kama mshahara wako ni franka 400,000, mwajiri anapeleka franka 6,000 kila mwezi. Feza hiyo haikatwi kwako, wewe hutoi hata franka moja. Kwa sababu hiyo wafanyakazi wengi hawajui hata kama iko.

Sheria inasema ajali ya kazi ni ile inayompata mfanyakazi kwa ajili ya kazi au wakati wa kazi, hata kama kosa lilikuwa lake mwenyewe. Ajali ya njiani kati ya nyumba na kazi inahesabiwa pia. Ikikubaliwa, mfuko unasaidia matibabu, posho ya siku ambazo mtu hawezi kufanya kazi, na malipo ya ulemavu ukibaki. Mtu akifa, jamaa yake ina haki zake.

Ugonjwa wa kazi ni mlango mwingine, na wenyewe ni mwembamba zaidi, kwa sababu unafuata orodha ya serikali. Kwa kidonda cha roho, mlango ulio wazi zaidi ni ule wa ajali: kuna siku, kuna saa, kuna mahali, kuna mashahidi. Mganga akiandika kwamba ugonjwa huu umetoka kwenye tukio lile, kamba imefungwa. Asipoandika, mwenye kusoma karatasi ataona tu mtu asiyelala, na atasema: «Wengi hawalali.»

Tusidanganyane. Kidonda cha mguu kila mtu anakiona, lakini kidonda cha roho kinaulizwa maswali mengi. Nchi zingine zimeliona tatizo hili. Katika jimbo la Ontario, nchi ya Kanada, sheria ya mwaka 2016 ilisema kwamba zimamoto, polisi na watu wa ambulansi wakipata ugonjwa huu, unahesabiwa kuwa umetoka kazini, mpaka mtu aonyeshe kwamba sivyo. Huko mzigo wa kuonyesha umeondolewa begani mwa mgonjwa. Kwetu mzigo huo bado uko begani mwake. Kwa hiyo karatasi ni rafiki yako.

Neno moja linaloweza kukugharimu kazi

Kuna jambo lingine ambalo kila mfanyakazi anapaswa kulishika kichwani. Kwa Sheria ya Kazi ya mwaka 2002, mfanyakazi mgonjwa mkataba wake unasimama kwanza, haukatiki papo hapo. Anapata theluthi mbili za mshahara wake wa feza, na posho za jamaa zote.

Lakini angalia tofauti. Kama karatasi inasema «ugonjwa» tu, mwajiri anaweza kuvunja mkataba ikiwa imepita miezi sita mfululizo bila mtu kuweza kufanya kazi. Kama karatasi inasema «ajali ya kazi», kanuni hiyo ya miezi sita haimgusi. Umeona? Sekuristi wetu akienda dispansari na kusema tu «sipati usingizi», ataandikiwa ugonjwa wa kawaida. Akisema «sipati usingizi tangu usiku ule tulipotoa maiti kwenye galeri», amesema ukweli kamili, na ukweli huo unamlinda yeye na watoto wake.

Mambo ya kufanya

1. Siku ileile ya tukio, hakikisha jina lako limeandikwa katika ripoti ya ajali, hata kama hukuumia mwili. Kila mtu aliyeshuka kuokoa aandikwe, pamoja na saa ya kushuka na saa ya kutoka.

2. Dalili zikianza, mwambie kapita au mtu wa usalama bila kukawia. Mwambie pia delege wa sindika. Ni vizuri kuwa na barua fupi, yenye tarehe, na nakala ibaki kwako.

3. Nenda kwa mganga wa kompani. Mweleze tukio kwanza, dalili baadaye. Omba cheti kinachotaja yote mawili.

4. Ni kazi ya mwajiri kupeleka tangazo la ajali kwenye mfuko. Uliza namba na tarehe ya tangazo hilo. Usipopata jibu, delege wa sindika na inspekta wa kazi wako kwa ajili hiyo. Mgonjwa mwenyewe au jamaa yake anaweza pia kwenda kuliza.

5. Tunza nyumbani: mkataba, namba yako ya mfuko, karatasi za mshahara, nakala ya ripoti, vyeti vya mganga, risiti za dawa. Viweke katika mfuko wa plastiki, mahali pakavu, na bibi ajue viko wapi.

Jambo hili la tano lina uzito zaidi sasa. Tangu Februari 2025, wakati Bukavu ilipoingia mikononi mwa AFC/M23, mabenki yalifungwa na kazi za buro za serikali hazikuendelea kama zamani. Mtu anaweza kungoja muda mrefu kabla ya kupata jibu. Lakini haki iliyoandikwa vizuri inaweza kungoja. Isiyoandikwa itapotea.

Na wale wasio na mkataba? Kreseri anayechimba kwa koleo lake mwenyewe, akitoa wenzake katika shimo, anapata kidonda kilekile. Ila hana mwajiri wa kumwandikia karatasi. Kwake msaada unatoka kwa koperative, kanisa, msikiti na jamaa. Tusiwasahau ndugu hawa, maana wengi wao ni wadogo zetu na watoto wetu.

Kutunzwa kwa ugonjwa huu

Msaada wa kwanza unaanza pale pale, na hauhitaji mganga. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2011 kinaufundisha kwa maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani ametetemeka, nani amekaa peke yake. Sikiliza bila kumlazimisha kusema. Muunganishe na watu wake, na chakula, na blanketi, na mahali pa kulala.

Usiwakusanye watu usiku uleule na kulazimisha kila mmoja asimulie yote aliyoona. Zamani ilidhaniwa ni dawa, lakini waganga wameona haisaidii.

Usiwape Valium ili walale. Shirika la Afya Duniani linashauri vidonge vya namna hiyo visitolewe kwa ajili ya mshtuko katika mwezi wa kwanza. Na kasiksi, kanyanga au chupa za Primus zinaleta usingizi wa saa mbili, kisha ndoto zinarudi na nguvu zaidi, na feza ya shule ya watoto imekwisha.

Dawa yenyewe ni kuongea kwa utaratibu, mara nyingi, na mtu aliyefundishwa. Wengine wanacheka wakisikia hivyo. Wasikilize jambo hili lililofanyika kwetu Kivu. Mwaka 2013 waganga walitangaza matokeo ya kazi iliyofanyika katika vijiji vyetu, pamoja na akina mama 405 waliotendewa ubaya wa vita. Katika vijiji vingine walipewa msaada wa kawaida, mmoja mmoja. Katika vijiji vingine walikutana kwa kikundi, vikao 12 kwa jumla, wakiongozwa na wasaidizi Wakongomani ambao hawakuwa waganga. Miezi sita baadaye, katika vijiji vya msaada wa kawaida, akina mama 42 kwa mia walikuwa bado na huzuni kubwa au hofu ya ugonjwa. Katika vijiji vya vikao walikuwa 9 kwa mia tu, na kwa ugonjwa tunaouongelea leo matokeo yalifanana. Kama akina mama waliopita katika moto ule wamepona kwa kuongea, mwanaume wa shimoni anaona haya ya nini?

Hapa Bukavu kuna SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili. Kuna pia Panzi, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1999 na Mganga Denis Mukwege, ambapo matunzo ya mwili na ya roho yanakwenda pamoja. Mganga wa kompani anaweza kukuandikia karatasi ya kwenda kwa mganga wa akili. Kwenda SOSAME si haya. Mguu unapelekwa kwa mganga wa mifupa, usingizi nao una mganga wake.

Neno kwa mama wa nyumba

Mama, wewe ndiye unayeona kwanza. Mzee akiamka usiku ametota jasho, usimuulize kwa hasira. Muulize mchana, mkiwa wawili, kwa sauti ya chini: «Tangu lini?» Andika tarehe kwenye daftari. Watoto waambiwe kwamba baba ni mgonjwa, si kwamba anawachukia. Akipiga mtu, au akisema anataka kufa, usifiche hata siku moja: ita jamaa, mpelekeni hospitali, na mtu asibaki peke yake.

Neno kwa kapita

Baada ya uokozi, usimrudishe mtu kesho yake mahali palepale alipotoa maiti. Mbadilishie kazi siku chache. Mwite mwezi mmoja baadaye, umuulize habari za usingizi. Maneno kama «mwanaume halii» yaache nje ya lango. Mtu asiyelala anaendesha mashine vibaya, na ajali ya pili inatoka hapo.

Maswali ya wasomaji wetu

Tukio lilipita zamani, miaka mitatu. Nimechelewa? Kwa matibabu hujachelewa kamwe. Kwa malipo itakuwa vigumu zaidi, lakini tafuta ripoti ya siku ile na mashahidi, kisha umwone delege.

Nikisema ninaumwa roho, nitaondolewa kwenye kikosi cha uokozi? Labda utapumzishwa kwa muda. Kupumzishwa si kufukuzwa. Sekuristi aliyepona anajua hatari kuliko wote.

Je, si kazi ya maombi? Omba, ndugu. Mchungaji mwema atakuombea, na kisha atakupeleka kwa mganga.

Ndugu zangu, wahenga walisema: mficha ugonjwa, kilio humfichua. Kikosi chetu cha uokozi kinatoa watu chini ya mawe. Siku mmoja wao anapokwama chini ya jiwe lisiloonekana, ni zamu yetu kushuka na kumtoa. Mara ijayo ukikutana na sekuristi baada ya ajali, usimsifu tu. Muulize kama analala.